Kitabu Kimoja, Watu Watano

Kabla hujaniuliza kama hii kazi ina pesa, hebu tupige hesabu pamoja. Kitabu changu nakiuza 800. Kukichapisha Nairobi, kurasa 64 na jalada la rangi, ni 430. Duka la vitabu linakata asilimia 30, yaani 240. Kusafirisha mzigo kwa basi hadi Migori ni kama 40 kwa kila nakala. Nabaki na 90, na hapo mchoraji bado anangoja hela yake.

Kitabu chenyewe ni cha mchezo wa kuigiza mezani. Mnakaa watu watano. Mmoja ni msimulizi: anawaeleza mko wapi na ni hatari gani iko mbele. Wengine wanne ni wahusika. Wanaamua wafanye nini, na dadu inasema kama wamefaulu. Hakuna skrini. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, ulitoka Marekani mwaka wa 1974, nakala 1,000 tu. Wangu unaanzia Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe yaliyopangwa bila simiti huku Migori, na unaishia Ziwa Simbi karibu na Kendu Bay, pale bibi kizee aliponyimwa chakula na kijiji kizima kikazama.

Sasa ona shida. Watu watano wanacheza, lakini anayehitaji kitabu ni mmoja. Zile 90 ukizigawa kwa watano, ni shilingi 18 kwa kila mtu aliyefurahia. Na hiyo ni mara ya kwanza tu. Wakicheza mara ya kumi, mimi sipati kitu, na kusema ukweli siwezi kulalamika. Mchezo mzuri ndio huo unaorudiwa.

Dadu nayo ina mambo yake. Michezo mingi ya ng'ambo inataka dadu ya pande 20. Hiyo hutaipata kwa duka la Migori, na ukiagiza, nauli inashinda bei. Kwa hivyo kanuni zangu zinatumia dadu mbili za ludo. Hizo ziko kila mtaa.

Halafu kuna lile swali la Homa Bay. Kijana mmoja alifungua kitabu, akasoma kidogo, akaniangalia: "Omera, si hii dani alinipea bure?" Ni kweli, alipewa bure. Simbi si yangu. Ninachouza ni njia ya wewe kuingia ndani ya ile hadithi na kumpa yule bibi chakula, uone kijiji kitaponaje. Lakini hilo halielezeki kwa jalada. Lazima mtu acheze.

Wengine hunishauri niuze PDF kwa wazungu. DriveThruRPG, duka kubwa la mtandaoni la michezo hii, hukata karibu theluthi ya bei, na wateja wake wengi wanasoma Kiingereza. Nikikigeuza kitabu kiwe cha Kiingereza kwa ajili yao, kijana wa Homa Bay atakuwa mgeni kwenye hadithi ya dani yake. Na PDF ikishafika kwa grupu ya WhatsApp, hapo mauzo yameisha.

Kwa hivyo nimebadilisha bidhaa. Nauza jioni. Jumamosi, kwenye mkahawa Homa Bay, wachezaji wanne wanalipa 150 kila mmoja. Hiyo ni 600. Mkahawa unachukua 200, msimulizi 250, mimi 150. Jumamosi ijayo naipata tena bila kuchapisha hata ukurasa mmoja. Vitabu vipo pale mezani, na anayetaka kuwa msimulizi kwao ananunua moja kwa moja kwangu, bila asilimia 30 ya duka.

Watu huniuliza mbona msimulizi anapata kuniliko. Nyamgondho wa Gwassi alivua bibi kizee kwa wavu, akatajirika, kisha akamtukana. Bibi akarudi ziwani na ng'ombe wote wakamfuata. Mimi simkasirishi msimulizi wangu kwa sababu ya mia moja.

Bado si utajiri. Kutoka Migori hadi Homa Bay kupitia Rongo, kwenda na kurudi, nauli inashinda hiyo 150. Nikipata meza mbili kwa jioni moja, itakuwa afadhali. Ya pili naitafuta Jumamosi hii.