Kabla na Baada ya Kengele

Nilipostaafu utumishi wa serikali mwaka 2010, nikiwa nimetimiza miaka 60, nilidhani nimemalizana na kengele ya shule. Nilikuwa mwalimu tangu miaka ya 1970, nilipotoka chuo cha ualimu na sanduku langu la bati, na kabla ya kustaafu nilikuwa nimeongoza shule za msingi tatu. Kumbe kazi haijanimaliza. Mwaka uliofuata niliitwa Mgololo, wilayani Mufindi, kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya binafsi, mojawapo ya zile zilizochipuka baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 kuwafungulia mlango watu binafsi. Jina la shule silitaji, kwa sababu kosa nitakalolieleza ni langu.

Anayeijua Mgololo anajua kwamba watu wengi pale wamefuata kazi. Kiwanda cha karatasi kilianza kuzalisha katika miaka ya 1980 kikiwa mali ya umma, kikasimama katika miaka ya 1990, kisha katika miaka ya 2000 kikapata mwenye mali binafsi na kunguruma tena. Pande zote ni misindano na mikaratusi, na malori ya magogo hupita usiku na mchana. Wafanyakazi wametoka Njombe, Makete, Mbeya, Songea na mbali zaidi. Kazi ni ya zamu. Mama akiingia zamu ya alfajiri, na baba yuko safarini na lori, mtoto wa miaka sita atabaki na nani? Bibi yake yuko kijijini, na jirani naye yuko zamu. Basi mtoto huletwa shuleni giza halijatoka, na huja kuchukuliwa jua limekwisha kuzama.

Asubuhi yangu ya kwanza nilifika saa kumi na moja na nusu. Ukungu ulikuwa mzito na baridi inauma masikio. Karibu na lango niliwakuta watoto kama kumi na watano wameuzunguka moto wa mlinzi wa usiku, mzee mmoja wa Kihehe. Alikuwa anawachomea mahindi na kuwasimulia habari ambazo sikuzisikia vizuri, maana waliponiona wote walisimama wakanyamaza. "Shikamoo Mwalimu!" Nikaitikia marahaba, nikapita. Nilipokuwa nikifungua ofisi nilisema moyoni: hapa kuna saa mbili nzima za kila siku zinaungua pamoja na kuni.

Msomaji asinishangae. Sisi tuliolelewa na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwezi Machi mwaka 1967, tulifundishwa kwamba shule haianzi na kengele ya kipindi cha kwanza. Alfajiri tulikuwa na mchakamchaka, tunakimbia na kuimba mpaka jasho linatoka. Baada ya hapo ni usafi, halafu mstarini. Jioni ni shamba la shule, au kuku, au ng'ombe, au mpira. Mengi katika hayo yalinijenga. Lakini nilibaki na imani moja ambayo sikuwahi kuikagua, kwamba saa ya mtoto isiyopangiwa kazi na mwalimu ni saa iliyopotea.

Kwa imani hiyo nilipanga ratiba. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja na nusu, hesabu kwa madarasa yote kuanzia la tatu. Baada ya masomo ya kawaida, watoto wapumzike nusu saa, kisha masomo ya ziada mpaka saa kumi na moja na nusu. Likizo ya mwezi wa sita, kambi ya wiki tatu kwa darasa la nne na la saba, walale palepale shuleni, magodoro yatandikwe madarasani. Wazazi walilipa ada ya ziada bila kunung'unika. Mlinzi nilimwagiza asiwashe tena moto karibu na lango, kwa kuwa watoto walikuwa wanachelewa kuingia darasani. Alisema, "Sawa, Mwalimu," na moto ukazimwa.

Matokeo yalipanda. Mwenye shule alifurahi. Miaka hiyo Baraza la Mitihani lilikuwa bado linatangaza orodha ya shule bora, utaratibu ambao baadaye liliuacha, na kila shule ya binafsi ilikuwa na macho yake kwenye orodha. Sisi hatukuifikia, lakini tulikuwa tunaisogelea, na katika mkutano wa wazazi nilipigiwa makofi. Ni vigumu mtu kuona kosa lake wakati anapigiwa makofi.

Juni mwaka 2013, kambi ikiwa katika wiki yake ya pili, mlinzi alikuja ofisini kuniambia kuna mgeni. Alikuwa mama wa makamo yangu, amejitanda kitenge, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ametoka kijijini upande wa Njombe, akalala njiani Makambako. "Kamwene," alinisalimu kwa desturi ya kwetu, nami nikaitikia. Alikuwa bibi yake mtoto mmoja wa darasa la nne, mtoto mpole ambaye hakuvua kofia yake ya sufi isipokuwa mstarini. Aliniambia babu yake mtoto ni mgonjwa na anamwita. Aliomba siku nne tu.

Nilimpa kiti na chai. Kisha nilimpigia simu baba wa mtoto, aliyekuwa barabarani na shehena ya mbao. Simu ilikatikakatika. Alisema, "Mwalimu, wewe ndiye unayejua mambo ya masomo. Amua wewe." Basi niliamua. Nilimweleza yule mama, kwa heshima zote, kwamba mtihani wa taifa wa darasa la nne uko karibu, kwamba nikimruhusu mmoja nitashindwa kuwazuia wengine, na kwamba kambi itafungwa baada ya siku tisa, ndipo mtoto atakwenda akae hata wiki mbili. Hakubishana nami. Alimwona mjukuu wake kwa dakika chache chini ya mti, akampa mfuko wa karanga, akaenda kutafuta gari.

Siku ya sita tukapata habari kwamba mzee amefariki.

Nilikwenda msibani pamoja na mtoto na wazazi wake. Baada ya mazishi nilikaa karibu na yule mama kumpa pole. Nilitegemea kulaumiwa, na ningepokea. Hakunilaumu. Alisema tu, kama mtu anayefikiri kwa sauti: "Mzee alitaka kumwonyesha mtoto mipaka ya shamba, na miti aliyompandia alipozaliwa. Sasa sijui nani atamwonyesha."

Walioishi Nyanda za Juu Kusini wataelewa uzito wa maneno hayo. Huku kwetu mzee hupanda misindano akijua kwamba ataivuna mwingine. Shamba la miti ni akiba ya ukoo, na mara nyingi hati yake imo kichwani mwa mzee: jiwe hili, mti ule, mfereji pale bondeni. Mtoto wa miaka kumi akitembezwa mara moja na babu yake, hasahau. Mimi nilikuwa nimemzuia asihudhurie kipindi hicho ili awahi kipindi cha sehemu na desimali, ambacho ningeweza kukirudia wakati wowote.

Tulipokuwa tunarudi, mtoto aliniuliza, "Mwalimu, babu alikuwa anataka kuniambia nini?" Nilimweleza habari ya shamba na miti. Akauliza tena, "Na kingine?" Sikuwa na jibu.

Mwaka huohuo wenzetu wa Kenya walipitisha sheria ya elimu ya msingi iliyokataza wanafunzi kufundishwa wakati wa likizo. Niliposikia, nilitamani mtu angenikataza na mimi. Lakini hilo lilikuwa jaribio la kukwepa. Hakuna aliyenilazimisha kuanzisha kambi, na hakuna aliyenizuia kumwachia mtoto siku nne.

Nilikaa na walimu wenzangu, tukaipitia ratiba kipengele kwa kipengele. Tulijiuliza swali moja: mzazi anapomleta mtoto saa kumi na moja na nusu, anatuomba nini? Tukaona kwamba haombi hesabu. Anaomba mtoto wake awe mahali salama, penye joto, pamoja na mtu mzima anayemfahamu jina. Mengine tuliyaongeza sisi.

Basi asubuhi tulifuta masomo. Tulifungua jiko mapema, kila mtoto akapata kikombe cha uji wa moto, na mwalimu wa zamu akakaa nao. Aliyetaka kumalizia kazi yake ya jana alimalizia, na aliyetaka kulala juu ya mkeka alilala. Nilimwendea mzee wetu wa lango nikamwomba radhi, nikamwomba pia auwashe moto wake. Safari hii niliketi nikasikiliza anachowasimulia. Zilikuwa habari za wanyama, za Mkwawa na Wajerumani, na jinsi ya kutambua kuni zinazotoa moshi mwingi. Watoto walimwuliza maswali ambayo mimi darasani sikuwahi kuulizwa.

Jioni tuliacha saa moja tu ya kusoma, mwalimu akiwa karibu kumsaidia aliyekwama. Saa iliyobaki ilikuwa ya mpira, netiboli, kwaya, bao, na kitalu cha miche nyuma ya darasa la tano. Likizo ya Juni, ambayo kwetu ndiyo majira ya kuvuna mahindi, tuliirudisha nyumbani. Lakini wapo watoto ambao likizo haiwapunguzii wazazi wao zamu, na hao hatukuwafungia lango. Walikuja asubuhi, wakala, wakacheza, wakasoma vitabu vya hadithi, wakarudi jioni. Bibi, babu au mjomba akija kumchukua mtoto kwa ruhusa ya mzazi, alimchukua.

Nisingependa msomaji adhani kwamba mambo yalinyooka. Mwenye shule hakupendezwa, maana ada ya masomo ya ziada ilikuwa imelipa madeni mengi. Wazazi kadhaa waliwahamisha watoto wao mwaka uliofuata. Baba mmoja aliniambia mbele ya kikao, "Mwalimu, hatukuletei watoto waje kuota moto." Matokeo ya mwaka wa kwanza yalishuka kidogo. Yaliyofuata yalipanda tena, lakini hayakuwa kama ya miaka ya kambi, na sitaki kusema uongo juu ya hilo. Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa, nami sikuomba.

Desemba ile ya mwaka 2013, mvua zilipoanza, nilisafiri tena kwenda kijijini kwa yule mama pamoja na mtoto na baba yake. Tulichukua miche mia moja ya msindano kutoka kwenye kitalu. Mzee jirani, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alituonyesha mipaka. Pande tatu alizikumbuka vizuri. Upande wa nne, ule wa bondeni, hakuna aliyekuwa na hakika nao. Kwa bahati mwenye shamba la pili alikuwa mwungwana, wakakubaliana, na mtoto akapanda miche mstari mmoja kuanzia kwenye jiwe mpaka mtoni. Kofia yake ililowa, hakuivua.

Kutoka hapo kila Desemba watoto wetu walipofunga shule waliondoka na miche kadri walivyoweza kubeba. Tuliwaambia wasipande peke yao. Wapande na mtu mzima wa nyumbani, wamwulize mahali pa kupanda, na kwa nini hapo. Januari walipofungua tuliwapa kipindi cha kueleza walichoambiwa. Vipindi hivyo vilikuwa virefu, maana kila mtoto alikuwa na la kusema.

Naandika haya kwa ajili ya walimu vijana ambao siku hizi wanakabidhiwa saa za kabla ya kengele na za baada ya kengele, pamoja na likizo. Ni kazi ya heshima. Mzazi aliye zamu amekuachia kitu anachokipenda kuliko mshahara anaoufuata. Mlishe, mpatie joto, mwangalie machoni ujue kama amelala vizuri. Msaidie kusoma akitaka msaada. Lakini kumbuka kwamba ratiba yako haiwezi kuonyesha ni nani anayemsubiri nyumbani, wala huyo anayemsubiri amebakiwa na siku ngapi. Akija mtu mwenye vumbi miguuni kukuomba siku nne, mpe, na mwongezee ya tano ya njiani.

Jiwe la bondeni liko palepale, na misindano iliyopandwa siku ile sasa ina kivuli. Kila nikiambiwa habari zake, nafurahi, kisha nakumbuka lile swali la pili la mtoto ndani ya gari, ambalo hata leo sina la kulijibu.