Shimo la Sindano



Wapenzi wasomaji, mhariri wa jarida hili alipotuomba tuandike machache kuhusu kazi yetu, kwanza tulicheka. Kazi yetu ni ipi hasa? Wanafunzi wa madrasa hii wanatujua kuwa ni wale ndugu wawili wa fotokopi. Wazazi wao wanatujua kuwa ni watoto wa mzee wa studio. Na babu zao, walio hai Mwenyezi Mungu awape afya, wanatukumbuka tukiwa na kaptula, tumeshika taa huku marehemu baba yetu akiwapanga maharusi mbele ya pazia lenye picha ya bustani ambayo Tanga nzima haijapata kuwa nayo.

Baba hakuanza na studio. Alikuwa karani katika shamba la mkonge, na kamera aliinunua kwa mtu, ikiwa imekwisha tumika, kwa ajili ya kujifurahisha siku za mapumziko. Vijana wa siku hizi husema hobi. Mama alikuwa akilalamika kwamba jiko lake limegeuzwa duka la dawa, maana baba alisubiri watoto walale, akaziba dirisha kwa blanketi, akaweka sahani tatu za bati mezani, akasafisha picha humo. Baadaye ndipo alipopanga chumba Ngamiani na kuacha ukarani.

Tulipokuwa wakubwa tulisoma habari za George Eastman wa Marekani, tukashangaa sana. Naye alikuwa karani, wa benki, katika mji wa Rochester. Mwaka 1877 alipanga safari ya mapumziko, akashauriwa achukue vyombo vya picha. Safari hakwenda, lakini vyombo vikamteka. Ikawa mchana yuko benki, usiku yuko jikoni kwa mama yake akichanganya dawa. Mwaka 1881 aliacha benki, na mwaka 1888 akatoa kamera aliyoiita Kodak, neno ambalo halina maana yoyote katika lugha yoyote, alilitunga tu. Basi tukamwambia mama, unaona, jiko lako lina ndugu yake ng'ambo. Hakufurahi hata kidogo.

Sisi tulilelewa katika chumba cha giza. Mwanafunzi ambaye hajapata kukiona tumweleze: ni chumba kidogo chenye taa nyekundu, kwa sababu karatasi ya picha nyeusi na nyeupe imepakwa chumvi ya madini ya fedha isiyoathirika na mwanga mwekundu. Karatasi inaingia katika sahani ya kwanza ikiwa nyeupe tupu. Unaitikisa taratibu, unahesabu. Mara linatokea jicho, kisha kola ya shati, kisha mtu mzima anakutazama kutoka chini ya maji. Tumeliona jambo hilo mara elfu nyingi na hatukupata kulichoka. Pengine ndipo ulipoanza ugonjwa wetu, maana watu hutuambia sisi ni wagonjwa wa matumaini. Mtu aliyezoea kuona sura ikitoka katika weupe mtupu ni vigumu kumshawishi kwamba hakuna kitu pale.

Ama matumaini nayo yana gharama zake, na hapa lazima tuseme kweli, kwa sababu mhariri ametuambia vijana wataisoma. Mwaka 2004, baba akiwa amekwisha fariki, tuliamua kununua mashine kubwa ya kusafisha picha za rangi. Tuliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, ikiwa si mpya, kwa malipo ya kwanza na deni la kulipa kidogo kidogo. Kaka yetu mkubwa alitukataza. Alisema amewaona wageni hotelini wanapiga picha kwa kamera zisizotiwa mkanda. Tukamjibu kwamba wageni ni wageni, sisi watu wetu watataka picha ya karatasi mpaka kiyama. Akasema, "Nyinyi mkiona wingu lolote mnapanda mpunga."

Miaka miwili biashara ilikwenda vizuri sana. Sikukuu ya Idi tulikuwa hatulali. Kisha mikanda ikaanza kupungua, na kufika mwaka 2009 wiki ilipita tukapokea mikanda mitatu. Simu zikaja na kamera ndani yake. Mdai naye hakuwa na kosa, alitaka haki yake. Tuliuza shamba la minazi aliloliacha baba, njia ya kwenda Pangani, na kaka mkubwa, kwa kuwa ni mrithi kama sisi, ilibidi aweke sahihi. Aliweka, akatoa salamu, akaondoka. Tangu siku ile hakukanyaga studio. Msibani na harusini tulikuwa pamoja, na salamu alitujibu kwa kuwa kuijibu ni wajibu, lakini zaidi ya hapo hakuwa na neno nasi. Hatukumlaumu. Minazi ile alikuwa ameimwagilia yeye akiwa mdogo, sisi hatujazaliwa.

Wengine hutuliza kwa kutuambia kwamba hata wakubwa walianguka. Ni kweli. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa ndani ya kampuni ileile ya Kodak, mwaka 1975, na fundi kijana anayeitwa Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na zaidi, picha yake ilikuwa na nukta elfu kumi tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja katika kaseti kama zile za kusikilizia mawaidha. Wakuu wake hawakuona ni nani atakayependa kutazama picha zake katika televisheni. Januari 2012 kampuni ile iliomba hifadhi ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni, ingawa ilinusurika, na mpaka leo bado inatengeneza mikanda. Sisi habari hii haitutulizi. Wao walikuwa na Sasson chumbani hawakumsikiliza, nasi tulikuwa na kaka.

Siku hizi tunapiga picha za pasipoti, tunatoa fotokopi, tunachapa kadi za harusi, na tunatengeneza picha kuukuu zilizoliwa na mende kwa kuziingiza katika kompyuta. Mkate unapatikana, alhamdulillahi. Mashine kubwa iko palepale, tumeitandika kitambaa, wateja huweka mikoba yao juu yake. Na nyuma yake kuna masanduku ya baba yenye negativu, kila bahasha imeandikwa tarehe na jina kwa mwandiko wake wa karani.

Masanduku hayo tulitaka kuyachoma kupata nafasi. Kabla hatujafanya hivyo aliingia bibi mmoja na mjukuu wake. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Wanangu, mume wangu alipiga picha hapa kwa baba yenu mwaka tuliooana, mwaka 79. Picha zilikwenda na mafuriko. Mtoto wetu wa mwisho hamjui sura baba yake." Tulimwambia arudi baada ya siku mbili. Tuliipata siku ya kwanza, katika sanduku la nne. Kijana mwembamba, kofia ya vito, saa mkononi ambayo tunaitambua maana ilikuwa ya baba. Alikuwa akiwaazima wateja. Hatukuichapa kwa kompyuta. Tulinunua dawa, tukaziba dirisha, tukaisafisha kwa sahani tatu kama zamani, na bibi tukamwita chumbani aione ikitoka. Alipoiona alishika ukingo wa meza. Masanduku hayachomwi tena.

Sasa turudi kwenu wanafunzi, maana jarida ni lenu. Wale wakubwa miongoni mwenu watakumbuka kupatwa kwa jua siku ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016. Baada ya swala tulitoka nje, chini ya mwembe, na watoto wakaanza kupiga kelele kwamba ardhi imejaa miezi. Kweli, kila tundu dogo lililokuwa kati ya majani lilikuwa limeangusha chini hilali yake, mamia kwa mamia, juu ya mchanga na juu ya kanzu zetu. Mtoto mmoja alijaribu kuyazoa.

Maalim akatugeukia sisi, watu wa picha, tueleze. Tukasema kila tundu la jani lilikuwa ni kamera, na ile hilali ni picha ya jua lenyewe lililomegwa. Mwanga huenda kwa mstari ulionyooka. Ukipita katika tundu dogo, wa juu hufika chini na wa chini hufika juu, picha ikapinduka. Jambo hili liliandikwa kwa hesabu na mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040. Mbali na kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona, aliandika risala nzima kuhusu umbo la jua lililopatwa, akaonyesha kwa nini tundu dogo linatoa hilali na tundu kubwa linatoa duara tu. Yaani lile lililokuwa mchangani siku ile, yeye alikwisha kukaa nalo chumbani miaka elfu moja nyuma.

Kaka mkubwa alikuwepo kwa ajili ya swala. Alisimama kando, akatazama chini muda mrefu, asiseme kitu.

Mwanafunzi anayetaka kujaribu atafute kopo la maziwa ya unga. Toboa kitako kwa msumari, kisha ziba tundu hilo kwa kipande cha bati jembamba la kopo la soda ulichokitoboa kwa ncha ya sindano tu, basi. Mdomo wa kopo uufunike kwa karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya nazi, uifunge kwa mpira. Jifunike shuka kichwani, elekeza kitako barabarani penye jua kali, utazame karatasi. Utaona baiskeli zinapita zimepinduka, na rangi zake zote. Jua lenyewe usilitazame, hata kwa mzaha.

Tulitengeneza makopo kumi na mawili na watoto wiki ile, barazani kwa studio. Siku ya pili yake, baada ya Alasiri, kaka mkubwa alisimama mlangoni. Mkononi alikuwa na kopo, la kahawa, na lilikuwa na tundu kubwa kama la msumari wa inchi nne.

"Langu halionyeshi kitu," akasema.

Tukamwambia, "Karibu ndani, kaka. Tundu ni kubwa mno."