Herufi Niliyoifuta

Mwaka jana chama chetu cha Kiswahili hapa Kampala kiliniomba niandae kijitabu cha kuwafundisha wenzetu wa mwaka wa kwanza kutumia Python kuhesabu maneno katika insha. Mstari wa kutafuta mafaili niliuiga kutoka katika somo la darasani bila kuuliza maana ya kila alama. Niliujaribu, ukafanya kazi:

glob.glob(r"insha\nakala\*.txt")

Kisha nikakaa kuhariri, kama tulivyozoea wanafunzi wa lugha. Nikaiona ile r imesimama peke yake kabla ya alama za usemi. Nikadhani ni kosa la chapa, nikaifuta. Kijitabu kikachapwa.

Baada ya wiki moja dada mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata. "Dada, mimi kompyuta si zangu. Wenye akili waendelee." Alikuwa amekesha usiku kucha. Programu haikumwonyesha kosa lolote. Ilimpa orodha tupu tu, ilhali insha zote zilikuwamo ndani ya folda.

Tuliketi pamoja. Nilipoiamuru kompyuta ichapishe ule mfuatano wa herufi, neno "insha" lilibaki juu, na chini yake likatokea "akala". Ndipo nilipoelewa. Mkwaju unaolalia nyuma ukifuatwa na n, Python husoma amri ya kuanza mstari mpya. Herufi ya kwanza ya "nakala" ilikuwa imemezwa. Kama folda ingeitwa "tahakiki", t ingegeuka nafasi ya kichapo. Toleo la 3.12 la mwaka 2023 huonya likikuta \*, lakini \n ni halali, hivyo halionywi. Ile r niliyoifuta ndiyo iliyokuwa ikisema: soma kila alama kama ilivyo.

Nilijiuliza ningemwambia nini mwenzangu anayefuta kibainishi katika "ng'oa" kwa kudhani ni uchafu wa karatasi. Angebaki na "ngoa", neno jingine kabisa lenye maana ya wivu au tamaa.

Nilirekebisha mifano yote, mmoja mmoja, nikiiendesha upya baada ya kuihariri, si kabla. Nikamwomba radhi dada yule mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo alipojiona mjinga. Siku hiyo programu yake ilihesabu insha zote. Sasa yeye ndiye anayepitia kijitabu kabla hakijachapwa, nami sifuti alama nisiyoijua kazi yake.