Jina Katika Kioo cha Rangi

Karani mmoja wa serikali, mkazi wa Laiser Hill, alifiwa na mama yake, ambaye alikuwa miongoni mwa wanawake waliochota maji ya kuchanganyia saruji wakati kanisa lao lilipojengwa. Nduguze wakataka dirisha moja la kanisa litiwe kioo cha rangi, na jina la marehemu liandikwe chini yake, kama ilivyo desturi katika makanisa makuu ya Uingereza. Kazi hiyo si ya mchezo. Rangi haipakwi juu kama ya mlango, bali hutiwa ndani ya kioo kingali moto, kobalti ikitoa buluu. Kisha vipande hukatwa na kushikanishwa kwa risasi. Lakini mafundi hawako mbali, kwa kuwa Kitengela inayo karakana iliyoanzishwa na Bibi Nani Croze, ambako vioo vikuukuu hupata maisha mapya.

Wazee wa kanisa hawakukataa. Mmoja wao aliuliza tu, “Mwanangu, na wale waliochota maji pamoja naye?”

Karani hakuwa na jibu. Alipopata likizo alisafiri mpaka Unguja, akaingia katika Kanisa Kuu la Kristo huko Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, soko ambalo lilifungwa mwaka huo huo. Humo kimo kioo cha rangi cha ukumbusho wa mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakiyafukuza majahazi ya watumwa. Umo pia msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Watumwa wenyewe wamewekewa sanamu uani, zimesimama shimoni na minyororo shingoni; majina hawana.

Kilichomshika zaidi ni nguzo chache karibu na mlango, ambazo zimesimamishwa kichwa chini. Yasimuliwa kwamba Askofu Edward Steere, msimamizi wa ujenzi, alikuwa safarini mafundi walipozikosea. Zingali vivyo hivyo hata leo. Karani alisimama mbele yake kitambo kirefu, akiwawaza wale mafundi, ambao hawakuacha kibao wala herufi, ila kosa lao.

Aliporudi nyumbani hakwenda kwanza kwa wazee. Alikwenda kwa bibi vizee wawili waliosalia katika wale wachota maji, akaketi nao siku nzima na daftari. Walibishana sana, hasa juu ya mwanamke mmoja ambaye, kwa kauli ya mmoja wao, alikuja siku mbili tu, tena na kibuyu kinachovuja. Naye akaandikwa. Nduguze karani walinung'unika, maana fedha za kioo ni zao. Hata hivyo walikubali.

Majina yametimia kumi na manne. La kumi na tano halijapatikana bado, kwa maana mwenyewe hakumbukwi na mtu ila kwa jina la mwanawe wa kwanza.