Kuta Mbili za Gedi

Wengi wetu hudhani kwamba kugawa mji katika mitaa ya wenye mali na mitaa ya wanyonge ni desturi iliyoletwa na wakoloni. Lakini, msomaji, magofu ya Gedi yaliyo karibu na Watamu yatufundisha kuwa jambo hilo ni la kale zaidi.

Gedi ulikuwa mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 15. Kaburi moja humo lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Ukuta wa nje ulizunguka eka 45 hivi, na ndani yake ulikuwamo ukuta wa pili. Humo ndimo lilimokuwa jumba la mtawala, msikiti mkuu, na nyumba za matumbawe na chokaa. Wenye nyumba hizo walikuwa na vyombo vya kauri kutoka Uchina, na ghala zao hazikuwa na mlango: ziliingiliwa kwa tundu lililo juu ukutani.

Je, kati ya kuta hizo mbili walikaa nani? Walikaa watu wa kawaida, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Nao walikuwa na msikiti wao. Basi ukuta wa ndani, hata kama ulijengwa kwa kuhofia adui, uliwatenga pia wenyeji wa mji mmoja.

Niwapelekapo wanafunzi wangu huko, wote hukimbilia majumba ya mawe. Siwalaumu, kwani udongo hurudi kuwa udongo, na mahali pa wanyonge pamebaki miti na majani tu. Hata mtaalamu James Kirkman, alipoanza kuchimba mwaka 1948, alishughulika zaidi na mawe. Waliomfuata ndio waliogeukia zaidi ardhi ile tupu. Hivyo mnyonge hutengwa mara mbili: kwanza kwa ukuta, kisha kwa kusahauliwa.

Katika karne ya 17 Gedi ulihamwa. Kuta zote mbili zilibaki zikilinda mji usio na mtu. Mwaka 2024 mahali hapo palitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na hiyo ni heshima kubwa kwetu. Lakini wewe usomaye, siku utakapoandika habari za mji wako, usihesabu majumba peke yake. Uliza pia ni nani aliyelala nje ya ukuta wa ndani, kwani mji ni watu.