Dakika Ishirini

Nataka kuungama jambo. Mwaka jana mwanangu, mtoto wa miaka mitatu, alishikwa na homa kali usiku. Kulipopambazuka nikampeleka zahanati. Watu walikuwa wengi mno, na darasa langu lilikuwa likiningoja. Mganga alipotaka kumchoma kidole apime damu, nikamwambia, "Bwana Mganga, hii ni malaria, naijua tangu utoto wangu. Nipe dawa niende zangu." Naye, kwa kuniheshimu na kwa wingi wa watu, akanipa.

Nilijua, au ilinipasa kujua, kwamba tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kila ashukiwaye kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Hapo zamani ilihitajiwa hadubini kuwaona vijidudu vile, ambavyo Laveran, tabibu Mfaransa, aliviona katika damu ya askari huko Algeria mwaka 1880. Sasa kuna kipimo kidogo kitoshacho kiganjani; tone moja la damu, na jibu hupatikana kwa dakika 15 au 20. Nami nilizikataa dakika hizo, mimi niwakemeaye watoto waandikao jibu kabla ya kusoma swali!

Siku ya tatu mtoto alikuwa akihema upesi upesi. Nikarudi. Siku hiyo alikuwapo muuguzi, binti kijana. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, wala hakuniuliza nadhani ni ugonjwa gani. Akapima damu: malaria hapana. Tena akanieleza kwamba kipimo cha aina ile huweza kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa hata baada ya mgonjwa kunywa dawa. Basi yaelekea haikuwapo tangu mwanzo. Kisha akamfunua kifua, akashika saa, akahesabu pumzi dakika nzima, mtoto ametulia mapajani pangu. Zikawa 54.

"Kwa umri huu," akasema, "zikifika 40 twashuku kichomi. Kwa mtoto wa miezi miwili ambaye hajatimiza mwaka, ni 50."

Saa tu, na macho. Hata mimi ningaliweza kuhesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu.

Akampa dawa ya amoksilini ya siku tano. Siku ya nne mtoto akaomba uji.

Mganga yule wa kwanza alihamishwa kabla sijaonana naye. Mke wangu huniuliza hata leo haraka ile ilikuwa ya nini, nami sina la kumjibu.