Babu anaposikia kelele bila maneno

Katika nyumba nyingi ugomvi wa rimoti si wa chaneli tu, ni wa sauti pia. Babu anaomba iongezwe, wajukuu wanaziba masikio, mama anawahofia majirani. Mwishowe mzee anasema amechoka na kwenda kulala saa mbili usiku. Familia hudhani ni uzee, kumbe anaona aibu kuuliza kila mara, "Amesema nini?"

Hali hiyo ilimkuta fundi redio mmoja mstaafu wa Morogoro, anayeishi na mwanawe. Filamu ikianza, muziki na milio ya magari aliisikia, lakini mazungumzo yalimpita. "Mwanangu, kelele nazisikia. Maneno ndiyo siyapati," alisema.

Kauli yake ina maelezo ya kitabibu. Usikivu unaopungua kwa umri huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, zikiwamo za herufi kama s, f na th. Mtu hujua mwenzake anazungumza, ila haelewi anachosema. Ukiongeza sauti yote, unaongeza pia muziki na milipuko inayofunika maneno.

Msaada ulipatikana stoo. Mzee alikuwa na amplifaya tatu za zamani na deki ya DVD yenye matundu sita ya sauti: mawili ya spika za mbele, mawili ya nyuma, moja la kati na moja la sabufa. Deki nyingi zina mawili tu, jekundu na jeupe, na hizo haziwezi kazi hii. Katika filamu zilizorekodiwa kwa mfumo wa 5.1, mazungumzo mengi hutokea spika ya kati.

Vyombo vikiwa vimechomolewa, mjukuu alishika tochi na babu akaelekeza. Amplifaya ya kwanza ilipewa spika za mbele, ya pili za nyuma, ya tatu spika ya kati peke yake. Waya ziliingia tundu la AUX, si PHONO, ambalo ni la santuri na hukuza sauti kupita kiasi. Kwenye menyu ya deki wakachagua 5.1, na kwa kuwa hawakuwa na sabufa, wakaizima ili besi iende spika za mbele.

Kisha amplifaya ya kati ikapandishwa kidogo, nyingine zikashushwa. Usiku ule babu aliwahi kucheka utani kabla ya wajukuu.

Mzazi atakayejaribu aziachie amplifaya nafasi ya hewa, maana hupata joto. Mfuniko aufungue fundi tu, kwani umeme unaweza kubaki ndani hata zikichomolewa. Sauti isipande ovyo: kwa vifaa vya kusikilizia, Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na watu wazima 80.

Pamoja na hayo, spika hazichukui nafasi ya daktari. Mzee akianza kuomba kurudiwa maneno, apelekwe kupimwa masikio. Wakati mwingine tatizo ni nta tu, ambayo mhudumu wa afya huitoa. Na akiaga mapema kila filamu inapoanza, aulizwe kwa upole kama anasikia, kabla ya kumtakia usiku mwema.